Faini ya Kutaja Baridi

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha maji, Somo alifungua dirisha la mwisho wa korido. Hakulifungua sana, upana wa viganja viwili tu, lakini hata katika ile miezi ambayo pua huganda kabla hujalifikia gari, hakuacha. Hewa iliingia nyeupe. Naye akaisalimu. "Sabalkheri," alisema. "Umekuja, umekuja. Lakini hapa hulali." Kisha alilifunga, akafuta mikono kwenye leso yake, akaenda jikoni.

Nilimwona akifanya hivyo asubuhi nyingi, nikiwa natoka kwenda kazini na buti mkononi nisije nikaamsha majirani. Siku hizi sina hakika ni asubuhi zipi nilizoziona na ni zipi nilizoziota. Mwanga wa theluji una tabia ya kuchanganya saa. Unaamka gizani, unarudi gizani, na katikati kuna weupe mrefu usiojulikana umeanzia wapi. Ndani ya weupe huo ninamwona Somo na leso yake ya rangi ya machungwa, anazungumza na dirisha.

Tulimwita Somo, na sikumbuki kumsikia mtu yeyote wa jengo letu akimwita kwa jina. Alitoka pwani ya Kenya. Huko, somo ni mwanamke anayemfunda binti kabla ya ndoa. Humtia ndani, humsugua liwa, humfukiza udi, humwambia yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Mimi ni mtu wa Dodoma, mambo hayo nilikuwa nayasikia tu. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, mpaka alipofuatana na binti yake kuja Minnesota. Huku hapakuwa na wari wa kufunda. Akatupata sisi.

Jengo letu lilikuwa upande wa Saint Paul, karibu na reli ya Green Line, jengo la matofali la zamani, lenye hita za chuma zinazogonga na kukohoa. Binti yake alikuwa amenunua nyumba Woodbury na alitaka akae naye. Somo hakutaka. Alitaka chumba chake, ufunguo wake na korido yake. "Nyumba ya mtu ni ya mtu," alisema, "hata kama mtu huyo umemzaa mwenyewe." Kubaki pale ndilo jambo pekee nililomjua analitaka kwa moyo wote, na mengine yote yaliyotokea yanatoka hapo.

Msimu wangu wa kwanza wa baridi ulinikuta vibaya. Nilikuja kusoma, nikapata na kazi katika ghala kubwa la Shakopee, kupanga maboksi. Kufikia Desemba nilikuwa nikirudi nakaa kitandani na koti langu mwilini, basi, ndio nimefika. Sikupika. Nyumbani sikupiga simu kwa sababu sikuwa na la kusema. Nilianza kufikiri kwamba labda watu hufa hivi, taratibu, wamevaa koti.

Jumamosi moja nikasikia hodi. Somo hakungoja karibu. Alisimama mlangoni akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye buti.

"Mbona umekaa hivyo?"

"Nimepumzika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hujapumzika, umefungwa." Akaingia. "Kuna kukaa ndani kama mfungwa, na kuna kukaa ndani kama mwari. Mfungwa kazi yake kuhesabu siku. Mwari anapakwa mafuta. Vua koti hilo."

Alikuja na chupa ya mafuta ya nazi yaliyoganda. Akaiweka juu ya hita mpaka yakayeyuka, kisha akanisugua mikono, kuanzia kwenye vidole mpaka mabegani, bila haraka, huku akiniuliza kwetu tunakula nini na kuniambia kwamba hicho si chakula. Nililia. Sikuwa nimeguswa na mtu tangu uwanja wa ndege. Somo hakuuliza nalia nini. Alisema machozi nayo hulainisha ngozi, nisiyafute.

Hiyo ndiyo iliyokuwa falsafa yake yote, ukiondoa mapambo. Msimu wa baridi haukuwa adhabu wala ugonjwa, ulikuwa kutiwa ndani. Anayetiwa ndani haoni jua, hatoki, anakula vizuri, anasuguliwa, ananong'onezwa mambo, na siku akitolewa watu humshangaa alivyong'aa. Kwa hiyo kuanzia Novemba sisi sote tulikuwa wari wake, hata Njoroge, Mkenya mwenye gari aliyetupeleka Shakopee kila alfajiri, mtu mzima mwenye watoto na ndevu. Somo alimwita mwari mwenye ndevu. Alilalamika, lakini sikumwona akikosa siku ya kupakwa.

Sasa niseme habari ya baraza. Kule kwao kila nyumba ina baraza ya mawe nje, watu wanakaa jioni. Hapa nje hapakaliki, basi yeye aliileta ndani. Alitandika mkeka mwisho wa korido, chini ya lile dirisha, pembeni ya hita kubwa iliyofanya kazi kuliko zote, akaweka mito, dele la kahawa na vikombe vidogo visivyo na mikono. Huko kwao wanaokaa barazani zaidi ni wanaume. Alipokumbushwa hilo alijibu kwamba wanaume hao waje basi wamwondoe. Saa kumi na nusu, jua likiwa linazama nyuma ya maegesho na theluji imeanza kuwa ya buluu, mlango wake ulifunguliwa, na sisi tukaja mmoja mmoja na soksi zetu. Kahawa ilikuwa chungu, ina tangawizi, na kulikuwa na kashata. Meneja wa jengo alikuja mara moja kusema vitu haviruhusiwi koridoni. Alipewa kikombe, akapewa cha pili, akaondoka amebeba kashata kwenye karatasi, na tangu siku hiyo akawa anapanda ghorofa nyingine tu.

Baraza ilikuwa na sheria moja. Ilikuwa mwiko kutaja baridi. Theluji pia, barafu pia, upepo pia. Aliyetaja alitozwa faini. Anainuka, anammiminia kila mtu kahawa akianzia kwa mkubwa, na mwisho anakusanya vikombe na kwenda kuviosha. Kama ilikuwa lazima kabisa kuitaja, tuliiita mgeni. Somo alipenda kusema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," kisha akaongeza kwamba huyu wetu hana adabu, anakaa mpaka Aprili na jembe hashiki, na kwa sababu hashiki, akanipa mimi koleo la theluji nikafukue ngazi za mlangoni.

Sheria hiyo ndiyo iliyotuokoa sisi, na ndiyo iliyokaribia kumwua yeye. Lakini kwanza mjue jinsi ilivyokuwa tamu.

Huwezi kuamini mtu akikatazwa kuongelea baridi anaongea nini. Anaongea kila kitu kingine. Nilimsikia Njoroge akieleza, kwa jioni nzima, jinsi nyanya yake alivyokuwa akiwafukuza nyani shambani. Nilimsikia Bahati, Mkongo wa Goma aliyekaa chumba cha jirani, akituimbia nyimbo za kwaya yao, na mimi mwenyewe nikasimulia harusi ya dada yangu mpaka nikasahau kwamba sikuihudhuria. Hita ilikuwa inakohoa, mvuke wa kahawa unapanda, dirisha limejaa maua ya barafu. Sauti zilikuwa zinatoka mbali hata kama msemaji amekugusa goti. Wakati mwingine nilisinzia nimeegemea mto, na mazungumzo yakaingia ndotoni bila kukatika, nikaamka nikajibu.

Na mitego ilikuwepo. Siku moja Njoroge alifika nyusi zake nyeupe.

"Somo, leo huko nje ni kubaya, manze."

"Kubaya vipi?"

"Gari imekataa ku-start. Battery imekufa kabisa."

"Kwa nini imekufa?"

Njoroge akafungua mdomo, akaufunga. Tulikuwa tunamtazama sote. "Imezeeka," alisema.

Bahati akacheka mpaka akamwaga kahawa. "Eh, Somo, muache yeye. Huyu mugeni wa leo iko mubaya sana, vraiment. Hata mimi machozi ilikuwa glace kwa macho."

"Glace ni nini?" Somo akauliza, mpole kabisa.

"Ni barafu."

Somo akamsogezea dele. Bahati alisema ni uonevu, alitaja kwa Kifaransa, lakini alimimina.

Kila Jumamosi ilikuwa siku ya kufukiza. Alikuwa na tenga la ukili lililofuatana naye kutoka kwao, na chetezo cha udongo. Alitundika makoti yetu juu ya tenga, yale makoti mazito yenye harufu ya ghala na mafuta ya gari, akaweka udi chini yake. Jumatatu, Shakopee, wenzetu waligeuka tulipopita. Tulinuka harusi. Kuna Msomali mmoja aliyeniuliza kwa upole ni nani aliyeolewa, nikamwambia sote.

Udi huo huo uliwahi kututoa nje. Siku hiyo Somo alisahau kufungua dirisha, moshi ukajaa korido, king'ora kikalia jengo zima. Wapangaji wote tulishuka ngazi tukasimama kwenye theluji, wengine na taulo, wengine na watoto mgongoni, mpaka gari la zimamoto likaja. Somo alisimama katikati na kandambili zake na chetezo mkononi, kinafuka. Zimamoto mmoja, kijana mkubwa mwenye masharubu, alimwuliza kinachoungua ni nini. Nikatafsiri. Somo alimwambia, "Mwambie hakuna kinachoungua. Tunatengeneza maharusi." Nikatafsiri hivyo hivyo. Kijana akanusa, akasema kitu kile kinanukia vizuri. Hapo mwanamke mmoja wa Kongo nyuma yetu, meno yanagongana, akasema, "Mama yangu, baridi hii." Somo hakugeuza hata shingo. "Umetaja," alisema. "Kahawa juu yako."

Nikimweleza hivi anaonekana mtu wa furaha tupu, na sivyo. Ulimi wake ulikuwa mkali. Alimwambia Bahati usoni kwamba sauti yake ni nzuri ila nyimbo hazina mwisho. Hakuupenda ule msemo wa baada ya dhiki faraja. "Kwa nini baada?" alikuwa akiuliza. "Mimi naitaka sasa hivi, humo humo ndani ya dhiki, kama sukari ndani ya chai. Nikisubiri baada, chai nshainywa." Alitukataza kutaja baridi, lakini kila jioni, nilipopita mlangoni kwake, nilimwona amekaa mbele ya televisheni ameondoa sauti, anatazama utabiri wa hali ya hewa, ile ramani ya zambarau na namba zake. Aliitazama kwa makini kama mtu anayetazama mchezo wa mahasimu wake. Aliponiona alibadili chaneli.

Na hakukubali kusaidiwa. Hilo lilinichosha kuliko yote. Ungemkuta na sinki limejaa masufuria, ukamwambia Somo nikusaidie, akajibu, "Nishamaliza." Ungemkuta anabeba gunia la mchele ngazini, "Nishamaliza." Alitusugua mikono sote, na mikono yake sikumbuki ikisuguliwa na mtu. Nilijaribu mara moja. Nilichukua ile chupa, nikaiyeyusha kwenye hita, nikamshika kiganja. Aliniacha kwa muda mfupi sana, kisha akakitoa kiganja kwa adabu, akakifuta kwenye leso. "Mwari hamfundi somo wake," alisema, na akaniuliza kama nimekula.

Mwezi wa nne, barafu ya mto Mississippi ilipoanza kupasuka, ilikuwa siku ya kutolewa. Alitupaka hina, Njoroge akapakwa kidole kidogo kimoja akakificha ndani ya glavu juma zima. Tulijitanda leso mpya juu ya makoti, tukatembea mpaka mtoni kwa hatua fupi za maharusi, maana njia bado ilikuwa inateleza na hatua hizo ndizo zilizofaa. Mto ulikuwa unabeba vipande vyeupe, vinagongana polepole. Wamarekani waliokuwa wakikimbia na mbwa wao walitupisha. Somo alitutazama mmoja mmoja, akatugeuza nyuso kwenye jua, akasema, "Mmetoka wazuri." Kwa muda ule nilimwamini kabisa. Nilijiona mzuri.

Mwaka wa mwisho wa Somo pale barazani, Januari, mambo yalibadilika kidogo kidogo, na yalibadilika kwa namna iliyotufurahisha. Mlango wake ulianza kufunguliwa mapema. Nilipotoka kazini nilimkuta tayari mkekani, na tulipoanza kuaga alitushika. "Kaeni, kaeni, mnakimbilia nini? Njoroge, maliza habari ya wale nyani." Baraza ikarefuka mpaka saa za kulala. Alivaa buibui mbili, moja juu ya nyingine, akasema amependa tu. Alikuwa na mrihani aliouotesha kwenye kopo dirishani kwake, majani tukiyapikicha yanatoa harufu ya kwao. Siku hizo akauleta koridoni, karibu na hita. Majani yalikuwa yameinama, meusi kwenye ncha. "Nimeuleta upate watu," alisema. Sote tukasema ni wazo zuri. Bahati akauimbia.

Jumamosi moja mlango haukufunguliwa. Tulibisha, mimi na Njoroge. Tukasikia kukohoa, tukaingia.

Kilichotupokea mlangoni ni ile ile hewa aliyokuwa akiisalimu asubuhi. Ilikuwa imejaa chumba. Kioo cha dirisha kilikuwa na barafu upande wa ndani. Hita yake, nilipoigusa, ilikuwa ya baridi kama reli. Baadaye tuliambiwa bomba lake lilikuwa limeziba, kazi ya fundi mmoja na alasiri moja. Yeye alikuwa kitandani chini ya leso zake zote, rangi zote zile, na uso wake umekuwa mdogo katikati yake.

"Somo," nikasema, "tangu lini?"

Midomo yake ilikuwa mikavu. "Mgeni kalala humu," alisema.

Nilikasirika. Nilikasirika hata nikashindwa kufunga zipu ya koti nililokuwa namvisha. Mtu anakaa juma zima kwenye chumba cha barafu, hatua chache kutoka kwa watu wanaomlia kashata zake kila siku, na hata sasa, anapumua kwa shida, hawezi kulitamka neno lenyewe. Njoroge alimbeba mpaka garini. Aliendesha, na mimi nilikaa nyuma nimemkumbatia, nanusa udi kwenye mtandio wake.

Ilikuwa nimonia. Binti yake alitukuta kwenye viti vya hospitali, bado na kitambulisho cha kazini shingoni.

"Yaani mko naye kila siku kwa hiyo korido," alituambia. "Every single day. Na hakuna mtu ali-notice heater yake imekufa?"

Njoroge alisema pole, dada. Binti akakaa, akafunika macho.

"Ni mimi," alisema baadaye, taratibu. "Nilimwambia, Mama, siku nitasikia ume-complain juu ya hii baridi, hata mara moja, nakuja na gari. Unahama Woodbury, hakuna discussion. Nilimwambia ile mwaka ya kwanza. Nilidhani atajichunga."

Basi nikajua sheria ya baraza ilitoka wapi. Watu wasipotaja baridi mbele yake, hakuna neno litakalovuka kufika Woodbury. Alikuwa analinda ufunguo wake. Lakini pia mikono yangu ilisuguliwa kweli, na nilitoka kitandani kweli, na Bahati aliimba. Yote mawili yapo, na sijaona haja ya kuchagua moja.

Alipona, akatolewa hospitali akapelekwa moja kwa moja Woodbury. Chumba kilipangishwa. Mkeka, dele na vikombe vilibaki kwa Bahati, kwa sababu Somo aliagiza viendelee na kazi. Tuliendelea, tukibishana kama faini ibaki au ifutwe. Njoroge alikataa isifutwe. Mrihani haukupona.

Nilikwenda kumwona msimu uliofuata, Januari tena. Binti ndiye aliyenipigia. "Njoo umwulize wewe," alisema. "Mimi ananiambia yuko sawa. Kila kitu sawa. Daktari amesema mapafu hayawezi kuvumilia nimonia kama ile ya mwaka jana, na huyu mama hata akiungua hatasema." Nikamwomba Bahati dele na vikombe viwili, Njoroge akaniteremsha mlangoni akaenda kutafuta pa kuegesha na kunisubiri garini, maana theluji ilikuwa imemeza njia.

Ni nyumba kubwa, mpya, zulia kila mahali, na joto linatoka kwenye vitundu vya sakafuni huoni linakotoka. Mjukuu alinifungulia. Nikamwuliza bibi yuko wapi. "By the window," akanijibu, akanionyesha kwa kidole, akarudi kwenye simu yake.

Alikuwa amekiweka kiti kwenye kioo kikubwa kinachotazama barabara, mbali na vitundu vyote vya joto. Nadhani ni kwa sababu pale angalau mtu angeweza kupita. Hakuna aliyepita. Nje nyumba zilikuwa zinafanana, theluji inashuka bila sauti, na yeye ndani ya leso ile ya machungwa alikuwa amepungua, mwanga kama unampenya kidogo. Kwa muda nilisimama nisijue kama nimeamka.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwari wangu. Umekula?"

Nikatengeneza kahawa jikoni, nikaleta dele, nikakaa sakafuni miguuni pake. Tukaongea. Nyani wa Njoroge. Nyimbo za Bahati, kama zimepata mwisho. Nikamwuliza kama anahitaji chochote, blanketi, soksi. Akasema ameshamaliza.

"Somo," nikasema, "leo nje kuna baridi."

Akanitazama. Nikainuka, nikamiminia kikombe chake, nikamiminia changu, nikakaa. Tukanywa.

"Na theluji," nikasema, "inaanguka tangu asubuhi." Nikainuka tena, nikamimina tena.

"Umepatwa na nini wewe?"

"Nataja. Nalipa. Nimetaja mara mbili na sijafa."

Hakucheka. Aliugeuza uso kwenye kioo, vidole vyake vimekizunguka kikombe. Gari la kusukuma theluji lilipita, taa zake za njano zikazunguka ukutani, likaenda. Nilifikiri amesinzia.

"Nasikia baridi," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, akiliambia dirisha, kama alivyokuwa akilisalimu zamani. Kisha akanigeukia mimi. "Hapa kwenye kiti hiki. Na kule chumbani kwangu, siku zile zote. Nilisikia baridi sana, mwanangu."

Nikaruka kutafuta blanketi. Akanishika mkono.

"Kwanza faini," alisema.

Akainuka, akashika dele kwa mikono miwili. Miaka yote ile hakuwahi kulipa, kwa sababu hakuwahi kutaja. Alinimiminia mimi kwanza, kahawa ikamwagika kidogo kwenye kisahani, nami nikakaa nikapokea, na ilikuwa kazi ngumu kukaa. Akasubiri ninywe. Akakusanya vikombe vyetu viwili, akaenda navyo jikoni polepole, kwa hatua za bibi harusi, mkono mmoja ukutani.

Nilimfuata. Alikuwa amefungua maji ya moto, mvuke unapanda usoni pake, mikono yote miwili iko ndani ya maji mpaka kwenye viwiko, vikombe vimekaa chini, haviguswi. Mabega yake yalikuwa yanashuka, kidogo kidogo. Kwenye ukingo wa dirisha la sinki palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi, imeganda. Nikaichukua, nikaiweka kwenye maji pembeni ya mikono yake iyeyuke.

"Nikusaidie, Somo?"

Niliusubiri ule msemo wake. Alitazama vikombe viwili, akanitazama mimi, akasogea kunipa nafasi.